Karakana ya Vigari: Ekseli ya mbele nayo ivute

SWALI: Nina lori la mfano la rimoti, Scania R620 ya Tamiya, skeli ya 1/14, ile ya 6x4 (ekseli mbili za nyuma ndizo zinazovuta, ya mbele haivuti). Nikiitoa nje kwenye mchanga ikiwa na tela, nyuma inajichimbia, mbele inasukumwa tu. Nataka iwe 6x6, ekseli zote tatu zivute. Ninunue nini, na nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Anzia kwenye difu za nyuma (gia zinazogawa mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia), kabla hujatoa hata shilingi. Difu iliyo wazi hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye mzigo mdogo, na mchangani ndilo hilo hilo linalotelezea. Fungua difu zote mbili, futa grisi, kisha jaza gundi ya kuyeyusha (ile ya bunduki) katikati ya gia ndogo ili zisizunguke. Hiyo inabanduka ukibadili mawazo. Wengi wakifika hapo hawaendelei, kwa sababu lori limeshatoka mchangani.

Kama bado linakwama, utahitaji ekseli ya mbele yenye difu na krosi (viungo vinavyopitisha mzunguko hata vikiwa vimepinda) kwenye vifundo vya usukani, transfakesi au transfa (sanduku linalogawa mzunguko kati ya mbele na nyuma), propela tatu, yaani shafti za kupeleka mzunguko (giaboksi hadi transfa, transfa hadi mbele, transfa hadi nyuma), na servo ya usukani (mota ndogo inayogeuza magurudumu) yenye gia za chuma, ya kilo 10 au zaidi. Servo ya kawaida italia tu, maana gurudumu linalovuta ni gumu kugeuza.

Usinunue ekseli kabla ya kujua hesabu ya meno yake. Chora alama kwenye propela na kwenye tairi. Ukishafunga difu kwa gundi, zungusha tairi mara 10 na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ekseli ambayo difu yake iko wazi, shika tairi moja lisiende, zungusha la pili mara 20. Ni sawa na yote mawili mara 10. Nyuma ikitoa 28 na mbele 30, mbele itakwenda polepole kwa karibu asilimia 7: itakuwa breki, si msaada. Zilingane, au mbele itangulie kidogo sana. Matairi nayo yawe ya kipenyo kimoja.

Kazi inayosumbua ni nafasi. Tumbo la difu ya mbele hugonga kiungo cha chasisi au servo pindi springi inapobonyea. Weka kipande cha alumini cha milimita 5 au 6 kati ya ekseli na springi, kisha kwa mkono bonyeza kabini hadi mwisho na utazame kwa tochi. Propela ya mbele ipite pembeni ya mota bila kugusa waya. Springi ikiwa imebonyezwa kabisa, propela ibakiwe na milimita 5 za kufupika. Ekseli ikining'inia, vipande vyake viwe bado vimeingiana angalau milimita 10. Nira (uma) za krosi za ncha mbili zikae kwenye mstari mmoja. Zikipishana kwa nyuzi 90, mwendo unaofika kwenye ekseli utaharakisha na kupungua mara mbili kila mzunguko, na utasikia mtetemo hata gia namba moja.

Skrubu isiyo na kichwa inayobana krosi kwenye shafti ya mviringo italegea, hata uibane vipi. Piga tupa upande mmoja wa shafti upate ubapa, ndipo utie gundi ya nyuzi za skrubu (ya kuizuia isilegee), tone moja tu.

Springi za bapa peke yake hazitoshi kuzuia ekseli isijipinde. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu (upande unaopokea propela) huinuka au kuinama na krosi hupata pembe kali. Fimbo moja kutoka juu ya ekseli hadi kwenye chasisi inamaliza tatizo.

SWALI: Nimefunga kila kitu, lakini nikiinua lori, magurudumu ya mbele yanarudi nyuma wakati ya nyuma yanakwenda mbele. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kronwili ya mbele (gia kubwa ya difu) iko upande usiofaa wa pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Transfa ya shafti moja iliyonyooka huzungusha ncha zote mbili upande mmoja, kwa hiyo ekseli ya mbele inatakiwa iwe kama ya nyuma iliyogeuzwa, pua ikitazama nyuma. Fungua ekseli uhamishie kronwili upande wa pili kama nyumba yake inaruhusu. Usijaribu kuigeuza ekseli ya usukani juu chini. Kingpini (pini ambazo magurudumu hugeukia) zitalala vibaya.

SWALI: Kwenye sakafu ya vigae lori langu la 6x6 linakataa kukata kona, linatoa tak-tak, na taa zinazimika. – Msomaji, Muscat

JIBU: Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Bila difu ya katikati, tofauti hiyo haina pa kwenda isipokuwa tairi kuteleza, na vigae haviteleziki kama mchanga. Tafuta transfa inayokata mbele kwa servo ndogo, uipe chaneli ya nne. Tak-tak yenyewe ni krosi ya kifundo iliyopita pembe yake: punguza mwendo wa usukani kwenye rimoti mpaka inyamaze. Taa kuzimika ni servo kubwa inakula umeme wa risiva (kipokezi cha rimoti); ilishie umeme kwa kipunguza volti chake chenyewe kutoka kwenye betri, waya hasi ukiunganishwa pamoja na wa risiva.