Tarumbeta kwenye uzi mwembamba

Swali lenu la wiki hii: likizo yako ya mwisho ilikupa nini ambacho hukukiendea? Mimi mwezi wa sita nilishuka Dar es Salaam kumwona dada yangu na kula samaki. Nilirudi Njombe na dakika tatu za mpiga gitaa ambaye hata jina sikumwuliza.

Ilikuwa Jumapili jioni, Coco Beach. Anayeijua Coco ya Jumapili anajua: watu kama siafu, mihogo ya kukaanga imepakwa pilipili, kila kibanda na spika yake. Iliyokuwa karibu yetu ilipiga singeli mpaka meno yakatetema. Ilipozimwa kidogo ndipo nikasikia gitaa kavu. Kijana amekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yake kipande cha boksi chenye namba ya kumtumia pesa, anapiga zilipendwa.

"Huyo anakopi tu, anko," mpwa wangu akasema.

Kweli anakopi. Lakini anakopi nini? Bendi kama Mlimani Park, wana Sikinde walioanza mwaka 1978, ilikuwa na gitaa la solo, la rithim, la besi, ngoma, saksafoni, tarumbeta, na waimbaji wa kupokezana. Kijana huyu mzigo wote huo aliubeba kwa nyuzi sita. Kidole gumba kilitembeza besi kwenye nyuzi nene, viwili vikashika rithim, na pale tarumbeta zinapowajibu waimbaji, mkono wa kushoto uliteleza hadi karibu na tumbo la gitaa, akajibu kwa uzi mwembamba, kwa ukali uleule. Halafu chemko. Nyimbo za dansi huanza taratibu, kisa kinasimuliwa, kisha maneno yanapungua na magitaa yanachemka. Wapiga gitaa wa peke yao niliowahi kuwasikia humalizia hapohapo, maana kuanzia hapo mikono miwili haitoshi. Yeye aliingia na akakaa humo. Mama mmoja aliweka chini sahani yake ya mihogo akacheza.

Sauti yake, niseme kweli, ni ya kawaida. Ubeti wa pili aliusahau, akaujaza kwa mluzi.

Alipopumzika nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umejifunzia wapi haya?"

"Kwenye simu, mzee. Leo nasikiliza besi peke yake, kesho tarumbeta. Wimbo mmoja unaweza kunimaliza mwezi."

Nilimtumia shilingi 5,000. Mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Jumatano nilirudi peke yangu, sikumkuta. Muuza mihogo akaniambia huja Jumapili tu, na basi langu lilikuwa Ijumaa alfajiri.

Nilichobaki nacho ni ile rekodi ya simu, nusu yake upepo wa bahari. Nyumbani nilimpelekea baba, ambaye nyimbo hizi alizijua wakati Radio Tanzania ndiyo iliyozirekodi bendi na ndiyo iliyozipiga, na ukikosa kipindi umekosa. Aliishika simu sikioni mpaka mwisho, macho kafumba. Kisha akanirudishia.

"Wazuri," akasema. "Ila huyo wa tarumbeta anawahi kuingia."