Mkuu, kabla hujaweka hizo dola 7,000: nani anamlipa nani?

Usiweke. Sisemi usiweke milele, nasema usiweke Jumatatu kama ulivyoandika. Niko Dallas, nafanya zamu ya usiku ghalani, nilikuwa nimelala zangu. Nikashika simu niangalie saa tu, nikakuta mtu kaandika maneno yaleyale niliyoyasema mimi mwaka 2022, hadi vile vialama vya moto mwishoni. Usingizi umeisha.

Kwa watakaokuja nyuma: mkuu huyu anataka kununua hisa za Nokia, wale wa Finland wanaouza mitambo ya minara ya simu, kwa dola 7,000, na ana sababu mbili. Kwanza, Nvidia, wale wa Marekani wa chipu za akili mnemba, wameingia nao ubia. Pili, Nokia wanapunguza watu na wamebana ajira mpya, kwa hiyo mishahara itashuka, faida itapanda. Ameuliza na mengine: programu gani ya simu ina makato madogo, kodi ya gawio kwa aliyeko Tanzania ikoje, anunue kwa mkupuo au kidogo kidogo. Hayo nitayafikia.

Sababu hizo mbili ndizo zilizonimaliza mimi. Haikuwa Nokia, ilikuwa kampuni nyingine ndogo ya vifaa vya minara. Jina nalihifadhi kwa sababu bado ninazo hisa zake 40 na sitaki kujiharibia soko. Cheka tu, mimi nilishalia.

Kulikuwa na jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp, tukimwita Mwalimu. Kila mwezi tulimlipa dola 30 atuambie cha kununua. Sasa nakaa najiuliza, mtu anayeijua hisa itakayopanda mara tatu anahangaikia nini dola 30 za wabeba maboksi? Swali hilo lilinijia nikiwa nimeshalipa miezi kumi na moja.

Siku hiyo akaleta tangazo. Kampuni imesaini ubia wa miaka mitano na mtandao mmoja wa simu wa vijijini, "wenye thamani ya hadi dola milioni 400". Kundi likawaka. Nikaweka 4,200, bei ikiwa dola 16. Hakuna aliyeuliza hilo neno "hadi" linafanya nini pale. Mwanao akikuambia mtihani huu atapata hadi mia, akirudi na kumi na mbili hajakudanganya.

Wiki chache mbele kampuni ikatangaza kwamba inapunguza kasi ya kuajiri. Bei ikashuka mpaka 12. Mwalimu akatuma sauti ya dakika nane: jamani hiyo ni nidhamu ya matumizi, wenye hela wanakimbia, sisi tunaokota. Nikaokota za dola 3,000.

Sasa hapa soma polepole, maana hapa ndipo nilipojichinja mwenyewe. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Mkenya, fundi wa kupanda minara. Mkandarasi wake alikuwa anafunga vifaa vya kampuni hiyohiyo. Jumapili moja tunachoma nyama uani, akaniambia, "Bosi, mwezi huu nimepanda mnara siku sita pekee. Zamani ilikuwa siku sita kwa wiki. Vifaa vimejaa kwa stoo zao, hawaagizi vingine." Yaani ripoti ya soko imekuja yenyewe, imekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, imeshika paja la kuku, inanitazama. Mimi nikamwona ana kijicho. Nikamwambia wewe panda minara, mambo ya hisa tuachie wenyewe. Nikaingia ndani nikanunua tena, safari hii kwa 6.50, dola 2,600.

Hiyo 2,600 haikuwa yangu. Ilikuwa hela ya bati za nyumba ya mama, Korogwe. Mama kapiga simu mara tatu: "Mwanangu, fundi anaulizia bati." Nikamjibu, "Mama, vumilia, kuna mzigo umekwama bandarini." Mzigo gani? Nimemdanganya mama yangu mzazi kwa ajili ya mtu wa dola 30. Kuta zimenyeshewa masika nzima. Hili sijawahi kulisema hapa.

Kumbe ubia wenyewe ulikuwa hivi. Ule mtandao wa vijijini haukuwa na hela. Kampuni ndiyo iliyoukopesha ili ununue vifaa vya kampuni. Kifaa kikitoka ghalani, mauzo yanaandikwa siku hiyohiyo. Hela itakuja Mungu akipenda. Ni Mangi anayekopesha mtaa mzima sukari, halafu anatamba kwamba duka limechangamka kwa kuwa daftari la madeni limejaa. Mapato ya mwaka yalipanda asilimia 14, Mwalimu akapiga picha ukurasa huo akaturushia. Kurasa tatu mbele, kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani hela iliyoingia na kutoka kweli, ilikuwa imeandikwa wazi: shughuli za biashara zimekula hela badala ya kuingiza, na wadaiwa, yaani hela ambazo wateja hawajalipa, wameongezeka karibu mara mbili. Kurasa tatu! Nimebeba maboksi usiku kucha miaka sita, nikashindwa kufunua kurasa tatu.

Na ajira je? Hakukuwa na nidhamu yoyote. Waliokuwa hawaajiriwi ni mafundi wa kufunga mitambo na watu wa mauzo. Mwenye oda mkononi haachi kutafuta wafungaji. Ule mtandao ulipofilisika, deni likafutwa vitabuni, bei ikaporomoka. Nikauza hisa 872 kwa dola 3. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya dola 7,000 zimekwenda na maji. Kiasi chako hichohicho. Ndiyo maana nimeamka.

Wala si ujanja mpya. Lucent, kampuni ya Marekani ya vifaa vya simu, mwaka 1998 ilikubali kuikopesha WinStar, kampuni ya mawasiliano, hadi dola bilioni 2 (unaliona hilo "hadi"?) ili inunue vifaa vya Lucent. Aprili 2001 WinStar ikaomba kufilisika. Hisa ya Lucent iliyokuwa juu ya dola 80 mwishoni mwa 1999 ilifika chini ya dola moja mwaka 2002. Mabaki ya Lucent yalikwenda Alcatel ya Ufaransa, na tangu 2016 yamo ndani ya hiyohiyo Nokia yako.

Kwa hiyo kila ukisikia ubia, uliza: nani anamlipa nani, na hela imeshaingia? Tuufanye na wako. Oktoba 2025 Nvidia walitangaza kuweka dola bilioni 1 Nokia, kwa hisa mpya za dola 6.01 kila moja, na siku hiyo bei ikaruka zaidi ya asilimia 20. Nani anamlipa nani? Nvidia anamlipa Nokia. Safi, ni hela ya kweli, simnyimi mtu sifa yake. Lakini analipia nini? Analipia hisa. Hajanunua mtambo hata mmoja wa mnara. Wanaotakiwa kununua mitambo ya minara yenye akili mnemba, ambayo ndiyo shabaha ya ubia huo, ni mitandao ya simu, na T-Mobile wa Marekani walitajwa kwenye majaribio ya kuanzia 2026. Majaribio si oda, mkuu. Kuonja pilau si kulipia sahani.

Tena ubia una upande wa pili. Desemba 2023 mtandao wa simu wa Marekani, AT&T waliichagua Ericsson, mshindani wa Nokia, kwa mkataba ambao ungeweza kukaribia dola bilioni 14 kwa miaka mitano. Wenye hisa za Ericsson wakashangilia. Hisa za Nokia zikaanguka, kwa sababu kazi aliyopewa Ericsson sehemu yake ilikuwa ya Nokia.

Na hilo la kupunguza watu unaloliona neema, angalia lilianzaje. Oktoba 2023 Nokia, ikiwa na wafanyakazi 86,000, ilisema itapunguza kati ya 9,000 na 14,000 kufikia mwisho wa 2026. Siku hiyohiyo ilitangaza kwamba mauzo ya robo mwaka yameshuka asilimia 20. Wateja walipunguza kununua kwanza, watu wakapunguzwa baadaye. Mwalimu angekuwepo angekupindulia mpangilio huo, na angekuambia uokote.

Sijasema Nokia ni mbaya. Labda itakutajirisha, uje unicheke hapahapa. Ila kabla ya Jumatatu fungua ripoti yao, ruka barua ya bosi, ruka picha za watu wanaotabasamu, nenda kwenye mtiririko wa fedha. Chukua robo nne mfululizo, linganisha hela iliyotokana na shughuli na faida waliyotangaza. Tazama wadaiwa wanakua kuliko mauzo au la. Halafu ingia ukurasa wao wa nafasi za kazi, hesabu wanatafuta wafungaji wangapi. Piga picha zilete hapa tuzitazame wote, bure. Na huyo anayekutumia sauti, muulize yeye kanunua ngapi, kwa bei gani, akuonyeshe.

Uliuliza nini tena? Kodi? Programu? Wengine watakujibu, naingia zamu saa nne na sijala.

Bati za mama ziliezekwa mwaka uliofuata. Hela nilikopeshwa na yule Mkenya. Hajawahi kuniuliza habari za hisa, ila kila tukichoma nyama ananiita Mwalimu.