Baba anasubiri kuapa uraia wa Marekani, mtoto ana miaka 17: tarehe ipi inahesabiwa?

Dada uliyeuliza kutoka Kondoa, nimelisoma swali lako pamoja na majibu yaliyotangulia, na naona wengi wamekujibu kana kwamba mwanao anaishi na baba yake, ilhali umeandika wazi kwamba yuko nawe huku nyumbani. Kwa faida ya wanaofika sasa: mume wa dada huyu ni mkaazi wa kudumu wa Marekani, amefaulu usaili wa uraia na anasubiri kuitwa kula kiapo. Kijana wao ana miaka 17 na anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Mama anauliza kama kiapo cha baba kitamfanya mtoto awe raia wa Marekani, na kama ni heri mume aape upesi au asubiri kwanza. Nitajibu kwa yale niliyopitia na familia yangu, kwa kuwa tuliishi Texas miaka mingi kabla ya kurudi hapa Dodoma, na jambo hili liliwafikia wanangu wawili kwa namna mbili tofauti.

Jibu la swali la kwanza ni hapana, si kwa kiapo peke yake. Sheria inayohusika ni Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Kwa sheria hiyo mtoto hupata uraia moja kwa moja, bila kuomba wala kuapa, iwapo mambo haya yote yamekutana kabla hajatimiza miaka 18: angalau mzazi wake mmoja awe raia, mtoto mwenyewe awe mkaazi wa kudumu, awe anaishi ndani ya Marekani, na awe chini ya malezi ya mzazi huyo aliye raia, kisheria na kwa kuishi naye. Haijalishi lipi limetangulia. Baba anaweza kuapa leo na mtoto akaingia kwa viza ya uhamiaji miezi kadhaa baadaye, au mtoto akawa ameshaishi huko miaka mitano ndipo baba aape. Siku ambayo sharti la mwisho linatimia ndiyo siku ya uraia, mradi isifike siku ya kutimiza miaka 18 kabla yake.

Sisi tuliingia kwa bahati nasibu ya viza, wote siku moja. Mkaazi wa kudumu huruhusiwa kuwasilisha fomu N-400, ile ya kuomba uraia, hadi siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano ya ukaazi, nami niliiwasilisha mara tu dirisha hilo lilipofunguka, kwa sababu nilijua binti yangu anakaribia utu uzima. Usaili ulikwenda vizuri, lakini mwaliko wa kiapo ulikuja kwa tarehe iliyoangukia wiki chache baada ya binti kutimiza miaka 18. Siku niliyoapa, mdogo wake wa kiume akawa raia akiwa darasani, bila hata kujua saa ngapi. Dada yake, aliyeingia nchini humo siku ileile na kulala nyumba ileile, akabaki na kadi yake ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu. Wapo watakaokuambia kwamba inahesabiwa tarehe ya kutuma maombi, au tarehe ya kufaulu usaili. Si kweli. Aliyefaulu usaili bado si raia, na mtoto hawezi kupata kwa mzazi kitu ambacho mzazi mwenyewe hajakipata.

Kilichomwokoa binti yangu ni kwamba alikuwa na miaka yake mwenyewe mitano ya ukaazi, kwa hiyo alipofika 18 aliruhusiwa kujaza N-400 yake bila kusubiri. Alilipa ada, akasoma historia na muundo wa serikali yao, akafanya usaili na kuapa kama mtu mzima mwingine yeyote. Kijana wako asingekuwa na nafuu hiyo: akiingia baada ya kutimiza miaka 18, hesabu yake ya miaka mitano inaanza siku anapowasili.

Kuhusu kiapo chenyewe, kuna ofisi zinazowaapisha watu siku ileile ya usaili, na kuna maeneo ambako kiapo husimamiwa na mahakama kwa ratiba yake. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mwombaji aliyeomba kubadilisha jina ndani ya N-400 lazima aapishwe na hakimu, hata pale ambapo wenzake wanaapishwa ofisini, na hilo linaweza kuongeza muda. Mwenye mtoto wa miaka 17 aliyekwisha kuwa mkaazi huko aliache jina lake kama lilivyo, alibadilishe baadaye. Aidha anaweza kuandika barua akiomba kuapa mapema na kuambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa kuwa sheria inaruhusu maombi ya dharura kusikilizwa, ingawa hakuna anayelazimika kuyakubali.

Mchangiaji mmoja juu amesema mtoto wako analindwa hadi miaka 21. Hapo amechanganya sheria mbili. Sheria ya Kulinda Hadhi ya Mtoto ya mwaka 2002 humsaidia mtoto asipoteze nafasi ya viza kwa kuzidi umri wakati maombi yanashughulikiwa, na kwa mtoto wa raia umri hugandishwa siku ombi lake linapowasilishwa, au siku mzazi anapopata uraia ikiwa ombi lilikuwa limeshawasilishwa. Ulinzi huo ni wa viza tu. Katika uraia wa moja kwa moja umri haugandishwi hata siku moja, wala hakuna msamaha kwa aliyecheleweshwa na foleni. Kwa hiyo mwanao anaweza kuwa mtoto kwa ajili ya viza na mtu mzima kwa ajili ya uraia, siku hiyohiyo moja.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Mume asicheleweshe kiapo, lakini leo hii mwulize ombi la familia lilijazwaje. Mkaazi wa kudumu anapomwombea mke kwa fomu I-130, mtoto anaweza kuingia ndani ya ombi hilohilo la mama. Mume akishakuwa raia, mke anahamia kundi la ndugu wa karibu wa raia, kundi lisilo na foleni ya namba za viza, ila katika kundi hilo hakuna mtoto anayebebwa na ombi la mama yake: kila mmoja anahitaji ombi lake. Ikiwa kijana hakuombewa peke yake, basi siku baba anaapa mama anasonga mbele na mtoto anabaki nyuma, mpaka baba awasilishe I-130 nyingine kwa jina lake. Nimeona familia zikilia kwa jambo hili, na dawa yake ilikuwa fomu moja tu. Ijazwe sasa, kiapo kisisubiriwe.

Pamoja na hayo, nisikupe matumaini hewa. Kati ya ombi, uhakiki wa nyaraka, uchunguzi wa afya na usaili wa viza, miezi iliyobaki kabla ya siku yake ya kuzaliwa ni michache. Akifanikiwa kuingia akiwa bado na miaka 17 na kwenda kuishi na baba yake aliyekwisha kuapa, atakuwa raia pale anapopokelewa mpakani kama mkaazi, na kinachobaki ni uthibitisho: ama pasipoti, ama cheti cha uraia kwa fomu N-600, ambacho kwa viwango vilivyoanza 1 Aprili 2024 ni dola 1,335 kwa njia ya mtandao, ghali kuliko N-400 yenyewe ya dola 710. Cheti hicho kinaweza kuombwa hata akiwa mtu mzima, kwa sababu uraia ulishapatikana na karatasi ni ushahidi tu. Asipowahi, jipangeni kwa ukaazi na miaka mitano, si kwa miujiza.

Nyaraka za huku zishughulikiwe mapema. Watoto wetu wengi wa vijijini wamesajiliwa wakiwa wakubwa, na si ajabu kadi ya kliniki ikasema hivi na kumbukumbu za shule zikasema vile. Tofauti inayoonekana ndogo hapa itaulizwa sana kule, ambako siku moja inaweza kuamua. Fika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, hakikisha cheti cha RITA kina jina la baba na tarehe sahihi. Na kama ndoa yenu ilifungwa baada ya mtoto kuzaliwa, mtafute mwanasheria wa uhamiaji, maana mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anapopata uraia kupitia baba, sheria ya Marekani inadai awe amehalalishwa kabla ya kufikisha miaka 16.

Mwisho ni upande wetu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamtaka aliye nao anapofikia miaka 18 aukane ule wa nje akitaka kubaki Mtanzania. Mume wako kwa kuapa kwa hiari akiwa mtu mzima anaupoteza uraia wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haikumgawia asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Umetaja kiwanja cha Nala na shamba la zabibu Hombolo vilivyo kwa jina lake. Zungumzeni na mwanasheria wa hapa Dodoma kabla hajainua mkono kuapa, mkiamua pia nani ndani ya nyumba atabaki na uraia wa Tanzania, kwani kwa umri alionao kijana wenu bado anaweza kuwa ndiye.