Samaki Klauni Anapowashambulia Wenzake

SWALI: Bwana Mhariri, ninafuga samaki wa baharini katika tangi la kioo nyumbani. Samaki klauni mmoja, aliye mkubwa kuliko wenzake wawili, huwafukuza mchana kutwa, na ninapoingiza mkono kusafisha kioo huniuma. Nifanye nini? – Msomaji, Nyali, Mombasa.

JIBU: Huyo mkubwa, ndugu msomaji, bila shaka ni jike, kwa kuwa samaki klauni wote huanza maisha wakiwa madume na yule anayetawala kundi ndiye hugeuka jike, akabaki na dume mmoja wa kuzaa naye na kuwadhibiti wengine kwa kuwauma. Kwenye miamba ya matumbawe mnyonge ana pa kukimbilia; tangini hana, na ndiyo maana ninakusihi umwondoe wa tatu leo hii, hasa ikiwa mapezi yake yamechanika au amejibana pembeni bila kula. Umpe mfugaji mwingine, wala usimwachilie baharini, kwani anaweza kupeleka magonjwa huko.

Wakibaki wawili, utamwona dume akitetemesha mwili mbele ya jike: hiyo ni ishara ya utiifu, si ugonjwa. Ukali ukizidi, mtenge jike kwa siku chache katika kisanduku chenye matundu humo humo tangini, na upange mawe upya kabla ya kumrudisha.

Kuhusu mkono wako, chunguza mawe: ukiona mayai ya rangi ya chungwa yamebandikwa, basi wanayalinda, na kwa kuwa huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi, ahirisha usafi wa upande huo au tumia brashi yenye mpini mrefu.