Asubuhi CRP 9, kesho yake 140: nani alikosea?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 14. Usiku alishikwa na homa, saa 12 alfajiri nikampeleka zahanati. Malaria hana, CRP (kipimo cha damu cha kutafuta maambukizi) ikasoma 9, nikaambiwa ni mafua tu. Kesho yake akagoma kunyonya, akalegea. Saa 8 mchana hospitalini CRP ilikuwa 140, akalazwa kwa nimonia. Zahanati walikosea kupima? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Umefanya vema kutomsubiri.

Kipimo huenda hakikukosea. CRP ni protini ya ini. Ilitambuliwa New York mwaka 1930, kwa wagonjwa wa nimonia kama mwanao. Bakteria akivamia, ini huchukua saa 6 hivi kuanza kuimwaga kwenye damu, kisha kiwango huweza kupanda maradufu kila saa 8. Piga hesabu: 9, 18, 36, 72, 144. Hizo ni saa 32, na kutoka alfajiri ile hadi saa 8 mchana wa kesho yake ni saa 32. Mlipima mapema mno.

Kinachoniuma ni kwamba ulirudishwa nyumbani na namba, bila kuambiwa cha kuangalia. Nimewahi kumpokea mtoto mwenye utapiamlo, mikono baridi kama maji ya mtungi, CRP 12. Tulimwanzishia antibaiotiki hapo hapo. Siku ya tatu maabara wakaleta majibu ya damu waliyoiotesha: bakteria. Mwili uliodhoofu huenda usiwe na nguvu ya kuipandisha CRP. Malaria nayo huipandisha sana, hata pasipo bakteria. Kuna prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, huanza kupanda ndani ya saa 4 hivi, ila ni ghali, na malaria huivuruga vilevile.

Siku nyingine akipata homa, mvue nguo akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi. Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama CRP ya asubuhi ilikuwa 2.

Huko wodini wakirudia kumtoa damu usikasirike, wanataka kuona CRP inashuka. Mimi nasubiri uniandikie kwamba ameshika ziwa.