Kabla uulize viza, niambie hesabu ulipata ngapi

Jumamosi iliyopita binti wa jirani yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, alikuja kuniona na bahasha ya karatasi zake, anamaliza uchumi campo mwaka huu na anataka kwenda kufanya masta Ujerumani, alisikia kwa mamake kwamba mimi nilienda huko nikasoma nikarudi. Hata chai haijapoa ashauliza, "Auntie, viza inachukua muda gani?" na kabla nijibu, "Auntie, na ile pesa ya benki nyinyi mlitoa wapi?" Nikamwambia hayo tutayafikia, lakini kwanza leta hiyo transkripti nione hesabu ulipata ngapi. Akashangaa. Simlaumu, juu karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu kusoma uchumi ng'ambo huanza na viza, nauli na baridi, na kati ya hizo tatu hakuna hata moja iliyokaribia kunirudisha nyumbani. Kilichokaribia kunirudisha ni hesabu, na hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Wacha nieleze vizuri. Kwa digrii yangu hapa Nairobi nilikuwa nafanya vizuri. Nilijua kuchora dimandi na saplai ya sukuma wiki, bei ikipanda watu wananunua kidogo, taja sababu tano na ueleze kila moja. Tulikuwa tunasoma notsi, tunapitia mitihani ya miaka iliyopita, tunapita. Sasa nafika kule, wiki ya kwanza ya maikro, yaani uchumi wa maamuzi ya mtu mmoja mmoja na biashara, lekchara anaandika ubaoni kwamba tuna mtu ambaye anaweza kulinganisha vitu vyovyote viwili, na akipenda A kuliko B na B kuliko C basi anapenda A kuliko C, na mapendeleo yake hayaruki ghafla, halafu swali ni moja tu: thibitisha kwamba kuna fanksheni ya utiliti, yaani njia ya kupa kila kitu namba, anachopenda zaidi kipate namba kubwa, inayowakilisha mapendeleo ya huyu mtu. Basi. Hakuna sukuma, hakuna bei, hakuna kueleza kwa aya tatu. Nikaangalia kushoto kwangu mwenzangu ashaanza kuandika, kulia pia, mimi kalamu iko mkononi na sijui hata uthibitisho huanza na neno gani.

Uchumi wa masta kwa vyuo vingi vya Ulaya na Marekani uko hivo. Hesabu ndo lugha inayotumika darasani, Kiingereza kinasaidia tu kuunganisha. Chuo changu kilikuwa na kozi fupi ya kukumbushana hesabu kabla muhula uanze mwezi wa kumi, lakini mimi nilikuwa nimechelewa kupanga mambo ya safari nikafika imebaki siku mbili, na nilijiambia si neno, nitasoma mwenyewe. Lilikuwa neno. Mtihani wa kwanza wa maikro nilipata 5.0, na kule alama zinaenda kinyume na kwetu, 1.0 ndo ya juu kabisa, 4.0 ndo ya mwisho ya kupita, 5.0 umeanguka. Mamangu alipopiga simu nikamwambia ukweli. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama nakula vizuri, na hapo ndo nililia, juu najua alichokopa ili niwe pale.

Kilichoniokoa ni kwamba kulikuwa na nafasi ya kurudia, na kwamba nilipata wenzangu wawili, mmoja wa India na mmoja wa Chile, tukawa tunakaa laibrari kila jioni. Tulikuwa na njia moja. Unasoma uthibitisho, unafunga kitabu, unauandika tena kutoka mwanzo bila kuchungulia, ukikwama unafungua, unafunga, unaanza tena. Inachosha vibaya sana. Lakini karibu wiki ya tano kitu kilifunguka nikaanza kuona kwamba zile thibitisho zinafanana, kuna mbinu nne tano zinazorudi kila mahali. Nilirudia nikapata 2.7 na nikajua nitamaliza.

Kwa hivyo wewe uliye campo sai, ama umemaliza na unangoja, jipe miezi sita ya hesabu kabla ya kitu kingine chochote. Kalkulasi ya vigezo vingi mpaka Lagrange, ile njia ya kutafuta kilicho bora ukiwa na kikomo kama bajeti, iwe kitu unafanya ukiwa kwa matatu, matriksi (hesabu za majedwali ya namba) mpaka uelewe eigenvalyu ni nini na sio tu jinsi ya kuitafuta, probabiliti, na angalau kozi moja ambayo itakulazimisha kuthibitisha vitu. Kama chuo chako kinaruhusu kuchukua yuniti kutoka dipatimenti ya hesabu ama takwimu, chukua, hata kama marafiki zako wote wameenda ile rahisi. Na ujifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure, inafanya kazi hata kwa laptopu ya zamani, mimi nilijifunzia kule usiku wakati wengine wamelala na sikutakii hivo.

Lakini alama za jumla nazo ziangalie, juu kuna kitu wengi hawajui. Vyuo vingi vya Ujerumani vinabadilisha alama zetu kwa fomula yao, na unaweza kujipigia mwenyewe: chukua 100 utoe wastani wako, gawa kwa 60 (juu kwetu alama ya kupita ni 40), zidisha na 3, ongeza 1. Binti wa jirani ana wastani wa 67, seken apa (daraja la pili la juu) safi kabisa, nyumbani kwao wanafurahi na wana haki. Ukipiga inatoka 2.65. Kuna programu nyingi za uchumi zinazotaka 2.5 ama bora zaidi, na 2.5 ni wastani wa 70. Nilimwona uso ukibadilika. Sio kwamba mlango umefungwa, ziko zinazokubali 3.0, lakini ni afadhali ujue hiyo leo kuliko baada ya kutuma maombi kumi na kungoja miezi.

Sasa pesa. Vyuo vya umma vya Ujerumani vingi havilipishi karo, unalipa mchango wa muhula tu, lakini angalia jimbo unaloenda, Baden-Württemberg inalipisha wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula tangu 2017. Ile pesa ya benki inayoogopesha watu ni akaunti ya kufungiwa, blokdi akaunti kama tunavyoiita, unaweka euro 11,904 za mwaka mzima halafu ukifika unaachiliwa 992 kila mwezi. Ukipiga euro moja kwa shilingi 150 hiyo inakaribia milioni moja na laki nane. Kwetu ilitoka kwa loni ya sacco ya mama, chama chake, na harambee moja nyumbani kwa mjomba. Na hapa nawaomba mnisikize: waelezeni watu wa nyumbani kwamba hiyo pesa SIO karo, ni chakula chako na nyumba yako, imewekwa mahali. Mimi sikueleza vizuri, wajomba wakadhani imelipwa shuleni, kwa hivyo mwezi wa pili nikaanza kupigiwa simu nitume kitu, wakiamini nafanya kazi na pesa yote inabaki. Nilituma. Nilikula mchele na maharagwe kwa muda mrefu. Ningekuwa nimekaa na wao jioni moja na karatasi na kalamu kabla ya kuondoka, ile lawama yote haingekuwepo.

Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka ama nusu siku 280, lakini usiende hapo kwanza. Tafuta kazi ya kusaidia utafiti chuoni kwenyewe, hizo siku zake hazihesabiwi kwenye ule mpaka, na unajifunza data huku unalipwa. Ndo nyingine niliyojutia kuchelewa. Bima ya afya ya wanafunzi ya bei nafuu inaisha ukifika miaka 30, hiyo wenye umri wanafaa waijue mapema. Kama umefanya kazi miaka miwili baada ya digrii na inahusiana na maendeleo, DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, wana ofisi hapa Nairobi na wana skolashipu inaitwa EPOS, soma masharti yake. Kijerumani cha kuanzia someni pale Goethe-Institut mjini, darasa lako litakuwa kwa Kiingereza lakini mwenye nyumba haongei Kiingereza. Jaketi nunua soko la mitumba la Gikomba. Viatu nunua kule.

Kuna jambo lingine na hili nalipenda. Muhula wa pili, darasa la ekonometriksi (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), lekchara anafungua slaidi na ninaona ramani ya Busia. Busia yetu, kwa shangazi yangu! Ulikuwa ule utafiti wa Miguel na Kremer wa kuwapa watoto dawa ya minyoo katika shule 75, uliochapishwa 2004, na Kremer huyo ndo alishiriki Nobeli ya uchumi ya 2019 na Banerjee na Duflo. Darasa zima linajadili watoto kuhama shule na dawa kusambaza faida mpaka shule za jirani, na mimi nimeziona hizo shule, najua mtoto wa huko anaweza kuhamia kwa nyanya yake katikati ya mwaka bila barua yoyote. Niliinua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza niongee darasani tangu nifike, na baada ya hapo lekchara alikuwa ananitafuta mwenyewe, ndo akaja kunisimamia tasnifu. Niliandika kuhusu mikopo ya simu nikitumia data ya FinAccess, ile sarve ya kitaifa iliyoanza 2006, na kila mara namba ilipoonekana ya ajabu nilikuwa nampigia mama simu. Mtu kwa data hana akiba benki hata shilingi, kumbe yuko kwa chama mbili. Hiyo nani angenieleza kule? Kwa hivyo usiende kule ukaandika kuhusu Ujerumani, wenyewe wako wengi. Beba swali lako kutoka hapa.

Na kama pesa haipatikani ama mzazi ni mgonjwa na huwezi kuondoka, AERC, lile shirika la utafiti wa uchumi Afrika, wako hapahapa Nairobi tangu 1988 na programu yao ya masta imetoa wachumi wanaoheshimika bara zima. Sisemi hivi kwa kukufariji, nimefanya kazi nao na kwa ekonometriksi wanajua.

Binti wa jirani tulikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Aliondoka na daftari langu la maikro, lile la kabla ya mtihani wa pili, kurasa zingine zina madoa ya chai. Ataanza na matriksi, na Jumamosi hii anarudi anionyeshe alipofika. Hapo kwa viza bado hatujafika.