Kwa mnaoanza upimaji ardhi: pembe si mita

Vijana wengi wanaojiunga na kazi ya uwandani huzisoma namba zote za totali stesheni, chombo cha kupimia pembe na umbali, kwa jicho moja. Umbali mita 84.317, pembe ya ulalo 137°24'36", vyote vinaingia kitabuni, vyote vinaenda kwenye kompyuta. Mazoea hayo myaache mapema. Siku hizi umbali na pembe hutoka kwenye chombo kimoja, lakini asili yao ni mbili, na kila kimoja kina namna yake ya kukudanganya.

Ukisema upande wa kiwanja ni mita 30, umeulinganisha na kitu kilicho nje ya kiwanja hicho. Mita lazima itoke mahali. Kuanzia 1889 hadi 1960 ilikuwa fito ya platini na iridiamu iliyotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Tangu 1983 ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa 1/299,792,458 ya sekunde. Tepu uliyoshika ni nakala ya nakala ya kipimo hicho, na ikiharibika haikwambii. Tepu ya chuma ya mita 30 iliyosawazishwa kwa nyuzi 20 hurefuka kama milimita 3.5 ikifika nyuzi 30. Pima upande ule ule mara tano kwenye jua lile lile, utapata jibu lile lile mara tano, nalo litakuwa na kosa lile lile mara zote tano. Kupima kwa mwanga hakukuondolei tatizo hili. Totali stesheni inakuuliza joto na mgandamizo wa hewa kwa sababu ukikosea nyuzi moja tu ya joto, umbali unabadilika karibu milimita moja kwa kila kilomita. Ukibadilisha prizma, kioo kinachorudisha mwanga kwenye chombo, ukasahau kubadili konstanti yake (namba ya kusahihisha umbali), kila umbali wa siku hiyo utakosewa kwa kiasi kile kile, bila dalili yoyote kwenye kioo.

Pembe haiazimi kipimo kwa mtu. Geuka mpaka utazame tena ulikoanzia: hilo ni duara zima, lile lile Mtwara, Nairobi na Bujumbura, na hakuna ofisi inayohitaji kulitunza kabatini. Kuligawa mara 360 ni desturi tuliyorithi tangu Babeli. Wafaransa walilijaribu kwa 400, na hesabu za kompyuta hutumia radiani, yaani urefu wa tao ukigawanywa kwa nusu kipenyo chake. Ni urefu juu ya urefu, kwa hiyo mita zinafutana na kinachobaki ni uwiano mtupu. Hata wasimamizi wa mfumo wa kimataifa wa vipimo walipata tabu kuiweka radiani mahali pake: mwaka 1960 waliitengea kundi la vizio vya nyongeza, na mwaka 1995 kundi hilo likafutwa.

Mtazame fundi ujenzi anavyotafuta pembe mraba ya msingi. Anapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha anahakikisha mshazari ni futi 5. Sasa chukulia tepu yake imevutika sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kila futi yake imezidi kidogo. Nyumba itakuwa kubwa kuliko ramani inavyosema, lakini pembe itatoka mraba kamili. Mkielewa kwa nini, mmeelewa nusu ya ninachotaka kusema. Joto nalo ni hivyo hivyo. Duara la kusomea pembe ndani ya tiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, likipashwa moto kwa usawa hutanuka pande zote kwa uwiano mmoja, na digrii zinabaki pale pale. Kinachoumiza pembe ni joto lisilo sawa: jua la saa nane likipiga upande mmoja wa chombo au mguu mmoja wa stendi. Kwa hiyo mwamvuli uwandani ni wa chombo kwanza, halafu wako.

Kwa sababu duara linafahamika tangu kabla hujafika, pembe zina kitu ambacho umbali hauna, nacho ni jumla inayojulikana mapema. Ukisimama kwenye bikoni moja, alama ya kudumu iliyowekwa ardhini, ukapima pembe moja moja kuzunguka hadi ulikoanzia, jumla lazima iwe 360°. Pembe za ndani za kiwanja chenye kona tano lazima zifike 540°. Pembetatu lazima ifike 180°, isipokuwa kubwa mno: uviringo wa dunia huongeza karibu sekunde moja ya pembe (digrii moja ni dakika 60, dakika moja ni sekunde 60) kwa pembetatu yenye eneo la kama kilomita za mraba 200, jambo ambalo kwenye viwanja hutaligusa kamwe. Jumlisheni pembe hizo papo hapo, kabla ya kukunja miguu ya stendi. Inanisikitisha kuona timu nzima ikirudi kilomita mia kwa gari kutafuta kosa la dakika 10 ambalo jumla ya mstari mmoja ingelionyesha wakiwa bado kituoni. Kumbukeni tu kwamba jumla haioni makosa mawili yaliyo sawa na yanayokwenda pande tofauti.

Tabia hiyo hiyo ya duara ndiyo inayotufanya tupindue darubini. Mkisoma pembe kwa uso wa kushoto kisha, darubini ikiwa imepinduliwa, kwa uso wa kulia, na kuchukua wastani, kosa la mstari wa kulengea na la mhimili wa ulalo usio sawa hufutana, kwa kuwa mara ya pili vinakosea upande wa pili. Mkianza seti zinazofuata za vipimo mahali tofauti kwenye duara, tuseme 0°, 45°, 90° na 135°, makosa madogo ya mgawanyo wa duara lenyewe yanasambaa. Tepu huwezi kuifanyia hivyo. Ukiigeuza kichwa chini miguu juu, mita zake ni zile zile. Lakini mhimili wa wima ukiwa umeinama, kupindua darubini hakusaidii kitu. Hapo dawa ni pima maji peke yake, na pima maji inataka subira ambayo vijana wengi hawana asubuhi ya kwanza.

Kuna deni moja ambalo pembe haiwezi kulipa. Inakupa umbo, haikupi ukubwa. Pembetatu yenye pembe 60°, 60° na 60° inaweza kuwa ya meza au ya mkoa mzima. Mtandao mkubwa wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30 (mstari wa longitudo wa digrii 30 mashariki), kutoka Afrika Kusini kupitia magharibi ya Tanganyika na Uganda hadi Misri, ulijengwa juu ya jambo hili. Mwanafalaki David Gill alitoa wazo lake huko Cape, Afrika Kusini, mwaka 1879, na pengo la mwisho, Sudan, likakamilika mwaka 1954. Wapimaji walipima urefu wa mistari michache tu ya msingi, kwa uangalifu mkubwa sana, kisha kati ya mistari hiyo wakasafiri kwa pembe kutoka kilele hadi kilele. Kukokota tepu milimani kulikuwa kugumu. Kutazama mlima mwingine kupitia darubini kuliwezekana. Arc 1960, datumu (msingi wa kukokotolea mahali) mtakayoikuta kwenye ramani za Tanzania, Kenya na Uganda, ilipata jina lake kutoka kwenye mtandao huo, ambao kwa Kiingereza huitwa Arc, yaani tao.

Sasa upande wa hatari. Umbali unahitaji nukta mbili, pembe inahitaji tatu: unaposimama, unapotazama nyuma na unapotazama mbele. Ya katikati ndiyo inayosahaulika. Chombo kikikaa milimita 3 kando ya bikoni, na unatazama nukta iliyo mita 200, mwelekeo unaweza kupotea kwa sekunde 3 hivi. Nukta hiyo ikiwa mita 20, milimita zile zile zinazaa sekunde 31. Kwenye mitaa iliyobanana, Manzese au Kariakoo, ambako miguu ya travesi (mistari ya kupima kutoka kituo hadi kituo) ni mifupi, chombo cha bei kubwa chenye usahihi wa sekunde moja hakikusaidii kama timazi halijakaa. Na kosa la pembe likishaingia linakua kadiri unavyokwenda mbali: sekunde 20 ni sentimita moja kwenye mita 100, lakini ni karibu sentimita 10 kwenye kilomita. Tazameni nyuma mbali, chukueni mbele karibu, kila inapowezekana.

Hesabu zake nazo zina desturi yake. Namba za pembe zinazunguka, mita hazizunguki. Wastani wa 359°59'50" na 0°00'10" ni 0°, ila kikokotoo kitakupa 180° na kukuelekeza nyuma yako kabisa. Halafu 45.30 kwenye kikokotoo si 45°30', ni 45°18'. Na lahajedwali nyingi hutaka radiani kabla hazijakupa saini au kosaini, kwa hiyo ukiingiza digrii utapata jibu lenye sura nzuri lisilo na maana. Jaribuni kwanza na saini ya 30°. Isipotoka 0.5, msiendelee.

La mwisho linahusu pale pembe zote zinapofunga vizuri. Mkitumia stendi zilizobaki mahali pake, mkabadilishana chombo na prizma juu yake, jumla ya pembe itafunga hata kama stendi moja iko sentimita 2 nje ya bikoni. Mmepima kwa usahihi pembe kati ya stendi, wala duara halina habari na zege lililo chini. Hilo linakaguliwa kwa macho. Kabla ya kuondoa chombo kwenye stendi, tazama tena ndani ya timazi la darubini, lizungushe robo duara mara nne kama aina yake inaruhusu, uone kama alama inabaki juu ya msumari. Ikihama, andika kitabuni imehama kiasi gani na upande gani, kisha pima kituo hicho upya wakati bado uko hapo.